Mbegu ya mpunga wa kuvumilia chumvi: miche safi, masuke yameniumiza

Naipa nyota 4 kati ya 5 na hiyo moja iliyobaki nimeikata kwa sababu kabisa. Ni ile mbegu yenye Saltol, yaani kipande cha kromosomu namba 1 kilichotoka kwenye Pokkali, mpunga wa asili wa Kerala kule India. Pokkali chumvi inaiweza ila ni ndefu, inalala, mavuno madogo, ndo maana watafiti wakachukua hicho kipande tu wakakiingiza kwenye mpunga mfupi.

Kwenye miche sina neno jamani. Mpunga ukiwa na majani mawili matatu ndo chumvi inaumaliza, ncha zinakuwa nyeupe, majani yanajikunja, yale ya zamani yanatangulia kukauka. Nilipanda mistari miwili ya mbegu yangu ya zamani pembeni nilinganishe, baada ya wiki mbili ilikuwa kama imeunguzwa na hii mpya bado kijani! Kuna jeni humo inaitwa HKT1;5, sodiamu ikishaingia kwenye mizizi na kuanza kupanda na maji hiyo jeni inasaidia kuitoa njiani isifike kwa wingi kwenye majani, afu potasiamu inabaki ya kutosha huko juu.

Na msiipime kwa kuotesha punje kwenye bakuli la maji ya chumvi, mpunga karibu wowote unaota humo, shida inaanza baadaye.

Sasa kilichoniuma. Pakiti imeandikwa "inavumilia chumvi" basi, haisemi ni umri gani wa mmea. Saltol inalinda zaidi miche, mpunga ukishika mimba (suke likiwa bado limefungwa ndani ya shina) mpaka unapotoa maua hapo ni habari nyingine kabisa. Mimi nilijiamini, maji yakapungua jarubani wakati uleule, chumvi ikakolea, chavua (ule unga wa maua) ikaharibika na masuke mengi yakawa mapepe. Kwa nje ukiutazama mpunga umependeza tu, ukikamata suke jepesi. Hili lilitakiwa liandikwe kwenye pakiti kwa herufi kubwa, mtu anaweka msimu wake mzima humo.

Mpunga wa kawaida unaanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikivuka 3 dS/m (hicho ndo kipimo cha chumvi, kikipanda chumvi imezidi), kama asilimia 12 kwa kila dS/m 1 inayoongezeka. Kwa hiyo kama shamba lako liko juu ya hapo nunua, nami nitanunua tena, ila maji yasiyo na chumvi uliyonayo yatunze kwa ajili ya mimba na maua, na kipimo cha chumvi uende nacho shambani wiki hizo kila siku.