Wavu wa mabaka uliowafukuza njiwa, na muuzaji aliyenicheka

Nilikuwa nimeapa nisiandike nikiwa na hasira. Sasa msimu unaelekea ukingoni na hasira bado ipo palepale, basi acha niandike nayo.

Urefu wa wavu huu wa kumficha mwindaji, uzito wake, rangi zake ni ngapi, hayo yote yamechapwa kwenye mfuko wake. Kasome. Mimi nina la asubuhi moja tu, ile ya kwanza, ambayo mpaka leo nikilala inanirudia.

Shamba lilikuwa la alizeti, limeshavunwa, punje zimemwagika chini tele. Mwenye shamba aliniomba nimpunguzie njiwa kabla hawajahamia upande wa pili ambako alizeti ilikuwa bado imesimama. Kibali kipo, ruhusa ipo. Miaka yote nimeotea njiwa nyuma ya matawi na magunia kuukuu, nikitoka pale nanuka vumbi kama panya wa ghalani. Safari hii nikasema na mimi nijipende kidogo. Nikanunua wavu wa kisasa, ule wa majani yaliyokatwa kwa mashine, yananing'inia moja moja kama mti wa kweli.

Nilisimamisha nguzo nne kungali giza, nikatandaza wavu mbele na ubavuni, nikapanga njiwa wa bandia hatua kama ishirini na tano kutoka nilipo. Upepo nikauacha mgongoni, kwa sababu njiwa akitaka kutua huukabili upepo, kwa hiyo angenijia usoni. Nikapindua ndoo, nikakaa, bunduki ya marisau mapajani. Nilijiona fundi.

Kundi la kwanza lilikuja kulipopambazuka. Njiwa kama kumi na watano walikata kona juu ya mti mkavu, wakaona wenzao wa bandia, wakatega mbawa. Unaijua ile sekunde? Ndege ameacha kupiga mbawa, anateleza tu hewani anashuka, na wewe umeacha kupumua. Halafu walipofika kama hatua hamsini wakalipuka. Kila mmoja njia yake, juu, kushoto, kulia, kana kwamba wamegonga kioo. Sikuwa nimeinua hata kidole.

Nikasema bahati mbaya. La pili likaja, yaleyale. La tatu halikushuka kabisa, lilipita juu likichungulia.

Nikatoka nje kuutazama wavu kutoka upande wa njiwa. Jamani! Jua lilikuwa limeanza kuchomoza na umande umeushika. Jani la kweli lina vumbi, lina tundu la mdudu, limejikunja pembeni. Haya ya kwangu yalikuwa na ngozi laini kama mfuko wa plastiki, na kila moja lilikuwa linametameta kama kifuniko cha sufuria kilichosuguliwa kwa mchanga. Tena yalikuwa yanacheza. Kichaka kilicho nyuma yangu kimetulia tuli, upepo wenyewe mdogo wa kupepea majivu tu, lakini wavu wangu unatikisika wote kama mwali ngomani. Na sauti juu yake: chakacha, chakacha, chakacha. Njiwa anaweza kukusamehe rangi isiyolingana na kichaka, lakini kitu kinachotikisika peke yake hakusamehe.

Lililonimaliza lilikuja baadaye kidogo. Njiwa mmoja mpweke, labda mgeni, alishuka. Nikainuka taratibu, nikaleta bunduki begani, na ile shanga ndogo ya kulengea iliyo mdomoni mwa mtutu ikanasa kwenye tundu la jani. Nikavuta. Wavu ukaja. Nguzo ikaja na wavu, nguzo ya pili ikafuata, na mimi nikajikuta nimefunikwa gubigubi kama samaki kwenye jarife. Namshukuru Mungu usalama wa bunduki ulikuwa bado umefungwa na kidole changu kilikuwa nje ya kifyatulio. Hapo sicheki. Wavu unaonasa mtutu ni hatari, na mtu anayeuuza kwa wawindaji alipaswa kulijua hilo kabla yangu. Kwa hilo pekee nilitaka kuupa nyota moja na kwenda kulala.

Nikampigia muuzaji.

Simu nilianza vizuri kabisa. "Kaka, habari za kazi. Ule wavu wako una matatizo, unang'aa na unanasa." Akanyamaza kidogo, nikasikia anatafuna kitu. Kisha akasema, "Wateja wote wanausifu, wewe tu. Umeufua?" Nikamwambia nimeufua, ulikuwa unanuka mafuta ya taa. "Kwa sabuni gani?" Nikamwambia sabuni ni sabuni, ya unga, ya kufulia. Akacheka. Si cheko la kawaida, ni lile la puani. "Basi mzee, usiusingizie wavu. Njiwa wanakuona wewe." Akakata simu.

Mzee! Mimi na yeye rika moja, pengine hata ananizidi. Na neno lenyewe hakulitamka kwa heshima, alilitamka kama mtu anayemwelekeza babu kizee kiti cha kukalia. Nilibaki nimeishika simu sikioni wakati imeshakatika.

Hapa inabidi nikiri jambo ambalo sikutaka kulikiri. Lile swali la sabuni lilinikera kwa siku kadhaa, na lilinikera kwa sababu lina mantiki. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha nguo. Dawa hiyo hunasa mionzi ya urujuanimno, ambayo sisi hatuioni, na kuirudisha kama mwanga wa bluu, ndiyo maana shati jeupe linaonekana jeupe zaidi. Jicho la binadamu lina aina 3 za chembe za kuonea rangi. Ndege wengi wana 4, na njiwa ni miongoni mwa wale wanaouona mwanga huo wa urujuanimno. Kwa hiyo kitu ambacho kwangu ni kijani kilichofifia, kwake kinaweza kuwa bango.

Nikaazima taa ya kukagulia noti bandia, ile inayotoa mionzi hiyohiyo, nikajifungia chumbani usiku na wavu. Majani yenyewe hayakuwa na neno, yalibaki meusi. Lakini pindo la pamba lililozunguka wavu mzima, pamoja na uzi wa kushonea, viliwaka bluu kama njia ya kurukia ndege. Nikafurahi, nikijua nimempata mtu. Kisha nikageuka, taa ikaangukia kofia yangu niliyoitundika mlangoni, kofia ya pamba, ileile ya kuwindia, inayofuliwa kila wiki. Iliwaka kuliko wavu mara tatu. Nikazima taa, nikakaa gizani kidogo.

Lakini sikuwa tayari kumpa ushindi mtu aliyenikatia simu. Sabuni haitikisi majani. Sabuni hainasi mtutu.

Nikamwita mjomba wangu, ambaye alianza kuotea ndege mimi sijazaliwa, nikamwomba asimame pale walipo njiwa wa bandia aniangalie nikiwa ndani. Nikauliza, "Mjomba, unaniona?" Akanijibu bila kupaza sauti, "Nakuona, mjomba. Naona kofia, naona mabega, naona na huo mkono unaojikuna shingo." Akaja, akainamisha kichwa kuchungulia ndani, akaonyesha nyuma yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye mwanya wa kichaka, anga yote iko wazi mgongoni. "Umejitia kwenye fremu kama picha ya harusi. Tafuta giza la nyuma kwanza, la mbele baadaye."

Yaani njiwa walikuwa wananiona mimi. Maneno yaleyale ya yule bwana. Tofauti ni kwamba mjomba alitembea mpaka pale, akainama, akaniambia.

Nilivyoupanga upya ni hivi. Wavu wa majani nikautoa mbele, nikautundika nyuma yangu kwa kukunja mara mbili, na huko umekuwa kitu kingine kabisa: umeziba anga, umetia kivuli, na mtikisiko wake unamezwa na kichaka. Mbele nikaweka kipande cha wavu wa samaki, nikakifunga vipande vya gunia la katani visivyolingana, nikachomeka na vijiti vya kichaka kilekile kilichopo, vichache, maana ukizidisha vinanyauka saa nne na unabaki na rangi ya kahawia katikati ya kijani. Ukingo wa juu uishie puani ukiwa umekaa. Ukiwa juu zaidi utakuwa unanyanyuka kila dakika kuchungulia, na kunyanyuka ndiko kunakokuuza. Ukiwa chini zaidi, uso wako unawaka kama sahani. Kofia nikaiacha nyumbani.

Asubuhi hiyo walishuka. Hesabu sisemi, lakini mwenye shamba alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Kwa hiyo nikawa nimepandisha nyota mpaka tatu. Haki ya mtu mpe. Mvua ilipotunyeshea, wavu ule ulikauka mara moja, ilhali gunia langu lilinywa maji likawa zito kama mtoto aliyelala, na usipolianika linaota ukungu. Wavu unakunjika, unaingia kwenye begi, hauchoshi mgongo. Kwa anayetaka pazia la nyuma, ni mzuri. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeuuza kama pazia la nyuma. Kwenye picha ya mfuko kuna mtu amejifunika wote, anatabasamu, bunduki imepenya katikati ya majani. Imepenyaje? Wapigapicha wana Mungu wao.

Na kuna hili la "ubora wa kijeshi" wanalousifia wavu. Linanichekesha. Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Ufaransa liliunda kikosi cha wachoraji na mafundi wa mapambo ya jukwaani ili kuficha mizinga. Nyavu za aina hiyo zilikuwa za kumdanganya rubani na kamera yake huko angani, na zilifanya kazi. Rubani hakuwa anatafuta pa kutua hatua ishirini na tano kutoka kwenye mzinga, akiwa na macho ubavuni yanayomwonyesha karibu kila upande kwa wakati mmoja. Njiwa ndivyo alivyo. Ukiniuzia wavu, niambie uliujaribu kwa njiwa. Habari za jeshi baki nazo.

Kisha nyota zikaanza kushuka tena, polepole. Kwanza ni vishona nguo. Ukiutupa wavu huu chini dakika moja kwenye majani, unarudi nao nyumbani umebeba mbegu mia moja, na kila mbegu imeshika jani lake kwa meno. Nilikesha nikizing'oa moja moja kwa kibano cha nyusi, mke wangu akipita na kurudi bila kusema neno, na kunyamaza kwake mimi nakujua. Halafu baada ya kutoka nao mara chache, majani ya pembeni yalianza kuchanika pale yanaposhikana na kitambaa cha matundu, yakabaki yanalegalega kwa ncha moja. Hayo ndiyo yanayocheza zaidi upepo ukija. Nimeyakata kwa mkasi. Wavu una vipara.

Bado nautumia, sikatai. Ukiniuliza ununue, nitakuuliza nyuma yako pakoje. Kama una ukuta, ukingo wa mto au kichaka kizito mgongoni, huuhitaji. Gunia na matawi yanatosha. Kama huna, chukua, tundika nyuma, loweka kwa maji matupu usije ukagusa sabuni, na mtutu wako uwe mbali nao. Nyota mbili na nusu. Tatu, kama ningeuziwa na mtu mwingine.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapo. Jioni simu ikalia, ujumbe kutoka kwa muuzaji: "Habari mteja wetu, je umefurahia bidhaa? Tupe nyota tano." Mwishoni kaweka kale kasura ka manjano kanakocheka mpaka machozi.

Nyota moja.