Unatafuta mahali pa harusi Lamu? Anza na boti, holi baadaye

Kila ikikaribia Disemba simu yangu haipumui. Mara binamu yuko Mombasa anataka harusi ya watu mia tatu Lamu, mara rafiki wa Nairobi ameona picha ya jua likizama Shela basi ashaamua, na wote swali lao ni moja, wapi pazuri na ni pesa ngapi. Mimi nawauliza kwanza, hao watu mia tatu watafikaje na watarudije saa sita usiku? Manake huku hakuna gari la kukushusha mlangoni. Mji wa kale ni vichochoro vitupu, mzigo unaenda kwa punda, mkokoteni au bega la hamali, anayekuja kwa basi anaishia Mokowe huko bara apande boti, anayekuja kwa ndege anatua Manda, kisiwa cha ng'ambo, na yeye pia apande boti. Mwaka juzi tulipomuoza mdogo wangu nilikuja kupiga hesabu shughuli ishaisha, nikakuta boti na hamali zimekaribia kabisa pesa ya mahali penyewe, na kwenye daftari la bajeti hatukuwa tumeandika hata shilingi.

Basi ntapanga nionavyo mimi, kwa shughuli ya watu mia mbili kwenda juu.

Pa kwanza ni Ngome, pale Mkunguni. Ilikuwa jela mpaka 1984, saa hii iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na ukishasimama pale uani ukaangalia zile kuta utaelewa kwa nini naipenda hasa kwa shughuli ya kina mama. Wanawake wetu wakishaingia wanataka kuvua buibui wacheze kwa raha zao, na nyumba nyingi za mji zimebanana hivi kwamba jirani akipanda darini anaona kila kitu. Ngome huna shida hiyo, ila uulize nani ana funguo za huko juu kwenye roshani, na mlangoni uweke mtu mkali wa kukusanya simu, sio kijana, mtu mzima anayeogopwa. Alafu kutoka jeti ni hatua chache tu, hata bibi wa miaka themanini anatembea. Mabaya yake? Ni jengo la urithi, hupigi msumari ukutani, kwa hiyo mpambaji aje na vyuma vyake vya kusimamisha mapambo. Misikiti iko karibu, adhana ikianza spika zinazimwa, hilo halina mjadala. Na barua ya kuomba upeleke mapema, usisubiri mwezi umebaki.

Pa pili ni uwanja mtaani, Langoni, Gadeni, au uwanja wa shule yoyote wakikubali, mnafunga tenti mnatandika mikeka. Najua hapapendezi kwenye picha. Lakini chakula mnapika hapohapo, na hili watu wanalidharau mpaka waone sufuria la pilau la watu mia linabebwa na vijana wanne kwenye kichochoro cha upana wa punda mmoja, huku wa mbele anapiga kelele pisha pisha na mvuke unamchoma mkono. Sisi tulihesabu kilo moja ya mchele kwa watu wanane, sinia moja watu wanne, kwa wageni mia tatu ni sinia sabini na tano, na zote zilitoka zikiwa moto kwa sababu jiko lilikuwa nyuma ya tenti. Pia kina khalati wa mtaa wanakuja wenyewe kuchambua mchele na kumenya vitunguu, hiyo hailipiwi. Cha kuangalia ni vyoo (hesabu, usikisie), maji ya kunawa, na jenereta, manake umeme ukikatika katikati ya shughuli hutampata fundi. Na kama ni kusi, hasa Juni mpaka Agosti, ule upepo unang'oa tenti, mwambie mwenye tenti afunge na magunia ya mchanga. Masika ya Aprili na Mei mimi hata sijadili, ahirisheni tu.

Pa tatu ni hoteli au nyumba kubwa za kukodi Shela. Vyoo viko, maji yako, bustani nzuri, umechoka unalala hapohapo. Ila nyingi zinabanana ukishapita watu mia na kitu, na kutoka mjini ni kama kilomita tatu, kijana atatembea dakika arubaini na shangazi yako hatatembea, kwa hiyo ni boti. Uliza kabla hujatoa hata thumni: naweza kuleta mpishi wangu? Kuna mahali walituambia ndio kwa mdomo, tukafika na masufuria wakageuka. Sasa hivi mimi bila maandishi sisogei. Na kama upande wa pili wa bustani kuna baa, sema na wazee mapema, usimwache ami akaigundue mwenyewe akiwa ameshika tasbihi.

Darini, chini ya makuti, napenda sana kwa kesha au kwa watu hamsini sitini. Zaidi ya hapo hapana, nyumba za mawe ni za zamani na ngazi zake ni nyembamba.

Ufuo wa Shela ndio kila mtu anautaka na mimi nauweka karibu na mwisho. Sio kwamba haupendezi. Tatizo ni watu kuchagua tarehe kwa mwezi wa angani, wanataka mwezi kumi na nne ule mweupe, na mwezi kumi na nne ndio bamvua, yani maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku za bamvua maji yanajaa saa kumi, saa kumi na moja jioni, yani saa ileile unapanga viti, alafu saa nne usiku yamekupwa mbali huko. Binamu yangu alifanya hivyo. Saa kumi na nusu safu ya mbele ya viti inaelea na vitambaa vyake vyeupe, vijana wameingia majini na suti kuvikimbiza, na usiku tunaondoka boti zimekaa juu ya mchanga, kina mama wamekunja buibui, viatu mkononi, wanatembea kwenye maji ya goti gizani kuzifuata. Mpaka leo mama mkwe wake analitaja. Ukitaka ufuo lazima, chagua siku za maji mafu, mwezi mwandamo ukiwa na siku saba nane au ishirini na moja ishirini na mbili, maji hayapandi sana wala hayakupwi sana, na uwe msimu wa upepo wa kaskazi, bahari imetulia. Mwezi mtaupata nusu, taa mtafunga.

Pa mwisho kabisa ni Manda. Picha kali, kelele hazimsumbui mtu, lakini kila kitu kinavuka, mpaka maji ya kupikia. Wale wa Takwa wenyewe, mji wa zamani wa hukohuko Manda uliobaki magofu, inasemekana walihama wakaja Shela kwa sababu visima viligeuka chumvi, sasa wewe unataka kupikia watu mia tatu huko?

Popote utakapochagua, usigongane na Maulidi, mji unajaa na vyumba huvipati. Boti uzikodi mwenyewe mapema, laifujaketi zihesabiwe na watu, na usikubali ile ya kuambiwa usiku tutaangalia. Andikeni nani anarudi na boti gani saa ngapi, boti ya wazee na watoto iondoke mwanzo. Kapteni mpe nusu asubuhi, nusu akishamshusha abiria wa mwisho.