Mafundi wa chokaa walivyoligeuza ghala letu la Mikindani kuwa nyumba yenye mwanga

Mwenye jengo la zamani la mawe Mikindani au Lindi mjini, tafuta kwanza fundi anayeijua chokaa, mchora ramani baadaye. Hawa wangu walinitoza zaidi ya mafundi wa saruji, na leo ningewalipa tena.

Letu lilikuwa ghala la ukoo: vyumba vyembamba, giza mchana kutwa. Wembamba ule una sababu. Dari imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo ukuta unaotamani kuuvunja ndio huohuo ulioshika dari. Timu ya kwanza iliyokuja kukadiria ilitaka kupiga nyundo tu, kisha plasta ya saruji nyumba nzima.

Mzee wa chokaa alipofika hakutaja bei. Aliupitia ukuta akiugonga kwa mpini wa nyundo, sikio karibu, na kila palipolia utupu akaweka alama ya mkaa. Kwenye chumba kilichowahi kupigwa saruji alipitisha kiganja tu, plasta ikamwagika pamoja na unga wa chumvi. "Mwanangu, haya ni matumbawe, yanapumua. Ukiyaziba, unyevu utatokea wapi?"

Walisimamisha jeki chini ya boriti zote kabla jiwe moja halijaondolewa. Wakavunja katikati, wakaacha ncha za ukuta kama nguzo, juu wakapitisha mhimili wa chuma. Boriti zilizooza walibadilisha kwa mbao za mkongo, maana mikoko haikatwi bila kibali. Kilichonifurahisha zaidi ni madirisha. Ukuta una unene wa karibu nusu mita, basi kwa nje waliyaacha yalivyo, kwa ndani wakazichonga kingo mshazari. Mwanga unaingia kwenye tundu dogo na kutawanyika chumba kizima, na weupe wa chokaa unauongezea nguvu. Sasa ukiwa sebuleni unaona jikoni hadi uani, na upepo unapita moja kwa moja.

Kwa familia zetu, uwazi huo una kikomo. Mama hakukubali mgeni akiwa mlangoni aone masufuria, tukainua ukuta wa kiunoni mbele ya jiko. Baraza halikuguswa, wageni wengi huishia pale.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Msimu wa korosho ulipoanza vijana wengi walikwenda mashambani, kazi ikasimama. Fundi umeme naye aliletwa kwa kuchelewa, akachimba mifereji kwenye plasta mbichi. Viraka bado vinaonekana. Anzeni Mei, mvua zikishakatika, ili paa liwe limefungwa kabla ya Novemba. Na kabla ya kutoa malipo ya awali, mwombe fundi akuonyeshe shimo lake la chokaa na akwambie imelowekwa tangu lini. Anayekoroga asubuhi na kuipiga mchana, usimpe kazi.