Barbados: samaki ule wapi, ramu unywe wapi, na wapi upite tu

Kama umeshakata tiketi ya Barbados na umelipia ile hoteli ya kula na kunywa humohumo ndani, pole, hela imeshaenda, ila nakuomba toka nje angalau jioni mbili tatu, manake chakula kizuri cha kisiwa hiki cha Karibi hakipo hotelini. Kipo pale boti za wavuvi zinaposhusha samaki, na kwenye baa ndogondogo za mbao za kando ya barabara. Hotelini utapewa tambi na kuku wa aina ileile unayompata popote duniani, alafu siku ya kuondoka ndo unagundua hujala hata samaki mmoja wa pale. Nimeshawaona watu wa hivyo, mpaka nikaona niandike.

Kwanza hela, ili tusichanganyane. Wana dola yao, na tangu 1975 imefungwa kwenye dola ya Marekani, mbili za kwao ni moja ya Marekani, haipandi haishuki. Sasa ukiona bei ubaoni uliza ni dola gani, hasa kwa teksi na kwa wale wanaokufuata na menyu ufukweni, manake ukinyamaza mtu anachukua tafsiri inayomfaa yeye. Bei zote ninazotaja hapa ni za dola yao.

Haya, Oistins. Hapa kila mtu atakutajia, na safari hii kila mtu yuko sahihi. Ni mji wa wavuvi pwani ya kusini, parokia ya Christ Church (parokia ndo wilaya zao), pana soko la samaki na pembeni yake pamejaa vibanda vya kuchoma na kukaanga vimepangana uwanja mzima unaotazama bahari. Ijumaa usiku ndo siku yake, kisiwa kizima kinahamia pale pamoja na watalii wote, muziki unapiga mpaka kifua kinatikisika. Upande mmoja vijana wanacheza sijui nini, upande mwingine kuna wazee wa kizungu na wazee wa kwao wamekumbatiana wanacheza nyimbo za zamani taratiibu, wamevaa vizuri na viatu vimepigwa kiwi, aisee mi nilisahau hata sahani yangu kwa kuwaangalia wale wazee.

Utaratibu ni hivi, unachagua kibanda, unapanga foleni, unataja samaki wako, unasema wa kuchoma au wa kukaanga, alafu unachagua vya kuongezea: makaroni ya kuoka na chizi (hii wanaiheshimu kuliko unavyofikiria), wali wa mbaazi, ndizi mzuzu za kukaanga, viazi, kachumbari ya kabichi. Sahani moja jiandae na kama dola 50 hivi, kamba mkubwa anapanda zaidi ya hapo. Sahani yenyewe inabeba chakula cha watu wawili wenye adabu.

Samaki gani sasa? Jodari yupo, nguru yupo, marlin yupo, na ukiona ubaoni wameandika dolphin usishtuke ukakimbia, hawauzi pomboo, ni faulusi huyo. Kwa kuchoma mi nasema chukua faulusi, nyama yake inabaki na maji, wakati marlin akikaa motoni dakika mbili za ziada anakauka mpaka unamtafuna kwa kumuonea huruma. Kwa kukaanga chukua yule samaki wao mdogo anayeruka juu ya maji, flying fish, ndo samaki wa taifa, yupo mpaka kwenye sarafu yao ya dola moja. Na hawa jamaa hawachezi na viungo, samaki anaoshwa kwa ndimu na chumvi, alafu wanamchanja na kumshindilia kijani chao cha vitunguu majani, thaimu, kitunguu saumu na pilipili mbuzi. Ladha inaingia mpaka ndani, sio hii ya kunyunyiza juu tu.

Vibanda vinavyotajwa sana ni Pat's Place na Uncle George, na foleni zake Ijumaa ni ndefu kwelikweli. Chakula ni kizuri, sibishi, ila kusimama saa nzima na njaa huku majirani zao wana majiko yanawaka na samaki wa bahari ileile, hapana, mi sioni sababu. Angalia kibanda ambacho wenyeji wenyewe wamekaa wanakula, kaa hapo. Na nenda mapema, saa kumi na mbili jioni jua linapozama uwe umeshapata meza, ukifika saa mbili usiku utakula umesimama. Kama makelele huyawezi nenda siku nyingine ya wiki, baadhi ya vibanda viko wazi, samaki ni wale wale, na mpishi anapata muda hata wa kukuuliza umetokea wapi. Kwa chakula peke yake mi naipa siku ya kawaida marks zaidi ya Ijumaa. Ijumaa nenda kwa ajili ya watu.

Kwa ndugu zangu Waislamu, hapa msikilize vizuri manake waandishi wengi wa mambo ya Karibi hawalitaji. Kwenye majiko hayohayo ya Oistins wanachoma na mikia ya nguruwe, inapendwa sana, na ule wali wa mbaazi unaouona hauna hatia mara nyingi wanaupika na kipande cha nyama ya nguruwe ya chumvi ndani. Uliza kabla hujaagiza, hawakasiriki kabisa, watakuelekeza. Samaki wa kukaanga na ndizi mzuzu mara nyingi ndo njia rahisi, ila hata mafuta uliza. Na Jumamosi ukisikia pudding and souse pita mbali, hiyo ni nguruwe mwanzo mwisho.

Chakula cha taifa ni cou-cou na huyo samaki anayeruka. Cou-cou ni ugali wa unga wa mahindi unaosongwa kwa maji ya bamia na bamia zenyewe zimo ndani, wana mpaka mwiko wao maalum wa kuusongea, juu wanamwaga mchuzi na samaki amekunjwa kama karatasi ameiva kwa mvuke. Mtu aliyelelewa kwa ugali atakula akitabasamu, ule utelezi wa bamia ndo utakaogawa watu, mi niliupenda, niliokuwa nao mmoja alisukuma sahani akaagiza chipsi, haya kila mtu na koo lake. Usiutafute hotelini, utafute Ijumaa au Jumamosi mchana kwenye zile sehemu za chakula cha wafanyakazi pale mji mkuu, Bridgetown, au kwenye baa za kijijini, na kama unataka kukaa kwa kitambaa mezani basi Brown Sugar, karibu na Carlisle Bay, wanajulikana kwa chakula cha mchana cha kienyeji.

Ila ujue samaki huyo ana msimu, kuanzia kama Desemba mpaka Juni. Nje ya hapo mara nyingi unakula wa kwenye friza, sio dhambi, ila bei isiwe ya fresh. Na wavuvi wenyewe hawajawa na wakati mzuri, kimbunga Beryl kilipopita Julai 1, 2024 mawimbi yalivunja na kuzamisha boti nyingi sana za uvuvi, pale Bridgetown na Oistins. Ni samaki ambaye nchi zilishafikishana mahakamani kwa ajili yake, Barbados na Trinidad na Tobago walipelekana kwenye usuluhishi wa sheria ya bahari na hukumu ikatoka 2006. Kwahiyo mama pale sokoni akikwambia leo hakuna, elewa hakuna. Na ukipata bahati ya kupita sokoni asubuhi simama uwatazame wale kina mama wanavyomtoa miba, kisu kinapita mara mbili tatu samaki yuko bapa hana hata mfupa, mi hata dagaa hunishinda.

Mchana wa ufukweni usihangaike, nenda Cuz's pale Pebbles Beach karibu na Hilton. Ni kibanda tu. Unapewa skonzi yao ndani ina samaki wa kukaanga, unaongezea chizi na yai ukitaka, na pilipili yao ya njano yenye haradali. Hiyo pilipili weka tone, onja, ndo uongeze, usijifanye umetoka Tanga pilipili unaijua. Unakula umekaa mchangani bahari iko mbele yako rangi ya dawa ya kusukutulia, kwa hela ambayo kwenye mgahawa wa pwani ya magharibi hupati hata mkate wa mwanzo. Ile skonzi ya Cuz's wanaiita mkate wa chumvi na haina chumvi ya kutisha. Pia tafuta vile visambusa vya mviringo vya samaki, vya chewa (cod) wa kukausha, viwili ndani ya mkate ndo staftahi ya mtu mzima.

Nikija kwenye hiyo pwani ya magharibi, Holetown mpaka juu Speightstown, ni nzuri kwa macho, maji yametulia, lakini ndo wanapofikia matajiri na bei zimeandikwa kwa ajili yao. Kuna sehemu moja siitaji tulipewa samaki kipande cha kiganja, mkavu, juu kuna povu la kitu ambacho mpaka leo sikijui, alafu bili ilipokuja ikaongezewa kodi na asilimia 10 ya huduma juu ya bei ya menyu, nikaangalia mara mbili nikadhani ni ya meza ya jirani. Uliza mapema kama bei ina kodi ndani au nje. Kama unataka siku moja ya kujipendezesha, ya kuvaa gauni, mi ningepeleka hela Champers kule kusini, meza ziko juu ya mawe na mawimbi yanapiga chini yako, au Fish Pot huko kaskazini St Peter kwenye jengo la ngome ya zamani. Ghali wote wawili, lakini angalau unajua unalipia nini.

Alhamisi nenda Martin's Bay, upande wa mashariki, parokia ya St John, pale Bay Tavern. Wenyeji wanaijua zaidi kuliko watalii. Bahari ya mashariki ni Atlantiki yenyewe, inanguruma, mwani mwingi miezi mingine unanuka, usiingie kuogelea kijinga. Wewe kula samaki wako, tazama mawimbi, rudi.

Sasa vinywaji. Barbados ramu, ile pombe kali ya miwa, ndo nyumbani kwake, kampuni ya Mount Gay wana hati ya 1703 na wanajitangaza kuwa ndo ramu ya kibiashara kongwe kuliko zote duniani, wana sehemu ya wageni Bridgetown, unalipia, unaonjeshwa, sawa. Lakini mi nilipenda zaidi Foursquare kule St Philip, unazunguka kiwanda mwenyewe bure, unaona mitambo inafanya kazi, unaonja, hakuna anayekusukuma ununue. Wapenzi wa ramu duniani chupa zao wanazigombania, pale dukani zipo.

Ila kunywa hasa ni kwenye rum shop, zile baa nilizosema mwanzo. Zimepakwa rangi kali, mara nyingi rangi ya kampuni ya bia au ramu, ndani kuna kaunta, redio ya kriketi, na wazee wanapiga domino kwa hasira mpaka meza inalia. Huagizi gilasi gilasi, mnanunua chupa ndogo ya ramu, ndoo ya barafu na koka, mnajimiminia wenyewe, ni rahisi ajabu. Bia ni Banks, ipo tangu 1961, nyepesi, baridi, inafaa joto, basi. Ukiingia sema gud aftanun kwa wote, hiyo sio hiari, ukiingia kimya kama mtalii utahudumiwa kimya. John Moore Bar pale Weston ni mfano mzuri, iko baharini kabisa kwenye pwani ileile ya matajiri niliyoilalamikia, na bei ni za binadamu.

Rum punch kipimo chake wanakifundisha kwa wimbo: moja ya ukali wa ndimu, mbili za sukari, tatu za ramu, nne za maji, juu kungumanga. Za hotelini ni juisi nyekundu ya dukani. Ya kweli inakwenda kooni kirahisi alafu unaposimama magoti yanaomba ruhusa. Kwa wasiokunywa kuna mauby, inachemshwa kwa magome ya mti, mwanzo tamu mwisho chungu, mi nilimaliza gilasi kwa heshima tu, na madafu yanauzwa barabarani.

Usafiri wa kwenda Oistins panda daladala zao, vile vibasi vyeupe wanaviita ZR, namba 11 inatoka Bridgetown inapita hapo, nauli 3.50 haijalishi unaenda wapi. Muziki juu, kona zinakatwa bila breki. Usivae nguo za madoa ya kijeshi, kule ni kosa la jinai kwa raia hata mtoto. Na ukiona mti ufukweni umepigwa mstari mwekundu usijikinge mvua chini yake, utomvu unababua ngozi. Kurudi usiku Ijumaa teksi zipo, patana bei kabla hujafunga mlango, na taja ni dola za nani.