Dawa za viti vya ngozi vya gari: ogopa silikoni kabla ya kuogopa bei

Malalamiko ni yaleyale: kiti kiling'aa siku ya kwanza, baada ya wiki kikaanza kunasa vumbi, na sasa fundi wa kupaka rangi anakikataa. Wanunuzi huuliza harufu na bei. Hawaulizi kama dawa ina silikoni, yaani mafuta ya kiwandani yanayong'arisha, na hiyo ndiyo inayomaliza kiti kikuukuu.

Ngozi ya magari mengi imepakwa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa kuikinga. Sheria ya mwaka 2018 inazuia kuingiza Uganda gari la miaka 15 au zaidi, lakini hata la miaka 12 mara nyingi huwa na nyufa ubavuni mwa kiti cha dereva, pale anapojisugua akiingia. Silikoni hujipenyeza humo na haitoki kwa sabuni. Fundi akipuliza rangi, inakimbia na kuacha vijishimo, au inabanduka baadaye. Ukisoma "dimethicone" au neno linaloishia na "siloxane" kwenye chupa, irudishe. Chupa isiyotaja viambato, dai karatasi ya usalama ya bidhaa.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni Colourlock ya Ujerumani: Strong Cleaner ya kusafishia na Leather Protector ya kulainisha. Kampuni hiyohiyo inauza rangi za kurekebishia ngozi, kwa hiyo inajua kiti kitafika kwa fundi siku moja. Ya pili ni Lexol ya Marekani, ile ya chupa mbili, moja ya kusafishia na nyingine ya kulainisha. Meguiar's Gold Class inayosafisha na kulainisha kwa pamoja naipa nafasi ya tatu: ni ya kutunza kiti kilicho safi tayari.

Za bei nafuu? Sabuni ya mche ina alkali, ngozi ina asidi, kwa hiyo haziendani. Mafuta ya kupikia, hapana.

Ukianza kusafisha, kwanza nyonya kwa mashine vumbi jekundu la murramu kwenye mishono. Likibaki, brashi inageuka msasa. Dondosha tone la maji: likinywewa, utando umekwisha, basi tumia povu la dawa ya kusafishia lisilo na maji mengi, kidogo tu. Povu liweke kwenye brashi laini, hasa kama kiti kina vitundu. Safisha eneo dogo na ufute kabla halijakauka. Kitambaa cheupe kikianza kutoka na rangi ya kiti, acha hapohapo. Kiti kikikauka kivulini, paka kilainishi, kijiko kimoja cha chai kwa sehemu ya kukalia, kisha futa kilichobaki juu. Nyufa hazitazibika, hiyo ni kazi ya fundi.

Na wauzaji wanaomimina dawa kwenye chupa za maji ya kunywa, kisha wanapanga bei kwa kuangalia gari uliloshuka, wanakera kupita kiasi. Mteja analipa bei ya dawa ya ngozi na kupewa king'arisha dashibodi. Nunua chupa iliyofungwa kiwandani, na ujaribu dawa chini ya kiti kabla ya kuigusisha mahali panapoonekana.