Siku nne Kololo na mama, kwenye hoteli isiyo na kibao

Mwezi wa sita nilimpeleka mama Kampala kutolewa mtoto wa jicho, na safari hii nilikataa kabisa zile gesti za karibu na stendi. Tulitoka Bukoba kwa gari, tukapita Mutukula, tukavuka ikweta pale Kayabwe. Kololo, mtaa wa mlimani hapo Kampala, tulifika jioni, na dereva akalipita geti la hoteli mara mbili. Hakuna kibao. Ni ukuta, miti iliyojaa korongo, na mlinzi aliyeuliza jina akafungua.

Ndani hakuna chumba cha kawaida hata kimoja. Kila mgeni anapewa sebule, jiko dogo, bafu, na chumba cha kulala chenye mlango wake. Huo mlango kwetu ulikuwa na thamani kuliko marumaru yote ya pale. Mama alitakiwa kupumzika, jicho lisipigwe na mwanga mkali. Mapazia ni mazito, yanafunga hadi ukutani. Saa saba mchana chumbani giza, nami niko sebuleni napokea simu za dukani bila kunong'ona. Umeme ulikatika usiku wa pili, jenereta ikashika kabla sijaiona tochi ya simu. Wahudumu hawagongi ovyo. Ukisema mgonjwa amelala, wamesikia wote.

Siku ya kwanza baada ya upasuaji mama hakugusa mkate wala mayai. Nikamweleza dada wa jikoni. Mchana akaleta matoke bado yamefungwa kwenye majani ya mgomba, akayafungulia mezani, mvuke ukapanda na harufu ile ya majani, mchuzi wa karanga pembeni. "Jajja, kula polepole," akamwambia, yaani bibi. Mama akamjibu kwa Kihaya, yule akaendelea kwa Kiganda, na wakaelewana mpaka sahani ikaisha. Nilishukuru sana.

Lawama yangu ni bafuni. Hodhi lina ukingo unaopita goti, na ukutani hakuna cha kushika. Mama wa miaka sabini na kitu, jicho moja limefunikwa, ataingiaje? Nililalamika, wakaleta kiti cha plastiki na mkeka wa mpira, tukaogea pembeni. Walikuwa wepesi, lakini kwa bei ile kiti kingekuwepo tangu mwanzo. Bei yenyewe wanaitaja kwa dola, na malipo ya mtu wa pili niliyaona kwenye bili ya mwisho tu. Ulizeni mapema. Ijumaa pia ombeni upande wa bustani, maana muziki wa barabara ya Acacia Avenue unafika vyumba vya mbele.

Mwezi wa tisa tunarudi kwa jicho la kushoto. Nimeshapiga simu kuomba chumba kilekile, na kiti cha bafuni kiwe kimewekwa kabla hatujafika.