Mita za mraba za Ujerumani: WoFlV au DIN 277?

Chukua chumba cha darini chenye paa la mwinamo, sakafu mita za mraba 20. Kwa WoFlV, kanuni ya Ujerumani ya mwaka 2004 ya kupima eneo la makazi, penye kimo cha mita 2 kwenda juu huhesabiwa pote. Kati ya mita 1 na 2, nusu. Chini ya hapo, hakuna kitu. Mita 10 kamili, 6 za nusu na 4 za uvunguni zinakupa 13 tu. DIN 277, kiwango cha Ujerumani cha kupima maeneo ya majengo, haijali paa: 20 ni 20.

Balkoni? WoFlV kwa kawaida huchukua robo; DIN huibeba yote, pamoja na stoo ya chini ya ardhi. Muuzaji ataipenda DIN, bila shaka. Mpangaji ashike WoFlV: eneo likipungua zaidi ya asilimia 10 ya lililoandikwa kwenye mkataba, anaweza kudai kupunguziwa kodi.